Kadi Moja ya Ndeshi

Nisikilizeni. Nitasema polepole, na mwisho mtanijibu ninyi.

Palikuwa na watu watatu. Sikuzani alijaliwa kutomchoka mtu. Dakta Kihwele alijaliwa kufundisha. Mama mdogo Elifuraha alijaliwa kuomba. Wote walikuwa karibu na Ndeshi, mwanafunzi wa kemia chuo kikuu, mwaka wa mwisho, ambaye Mungu alimtwaa mama yake wiki mbili kabla ya mitihani.

Ndeshi hakulia. Alikaa kitandani akitazama ukuta. Mtihani mmoja akaufeli. Ikabaki sapu, mtihani wa marudio; akifeli na hiyo anadisko, anarudi nyumbani bila digrii.

Sikuzani, waliyelala naye chumba kimoja, alimshika mkono kila asubuhi akampeleka maktaba. "Inuka, gogo wee! Ukikataa nakubeba mgongoni, watu wacheke." Siku arobaini hakukosa hata moja. Ndeshi alimfuata, akakaa tu mbele ya daftari.

Dakta Kihwele alikuwa ametengeneza programu ya akili mnemba ya kuchati na wanafunzi wake kwenye simu. Aliifunza isitoe jibu, iulize tu: umefikia wapi, na kwa nini hapo? Kule maktaba Sikuzani aliifungua kwenye simu ya Ndeshi, akamwekea mkononi. Ndeshi alikuwa amechoka kuambiwa pole. Programu haikujua kwamba ana msiba. Iliuliza habari za kaboni, naye akaandika. Polepole akaanza kuelewa.

Mama mdogo alifunga na kuomba kule Machame. Asubuhi ya sapu, Ndeshi alikataa kuamka. Sikuzani alivuta shuka, wapi. Mara mlango ukafunguliwa, mama mdogo huyo, ametoka Machame usiku, na chupa ya uji.

"Kunywa, mwanangu. Tumezika mmoja. Hatuziki wawili."

Akanywa. Akaenda. Akafaulu.

Siku ya mahafali kila mhitimu alipewa kadi moja, ya mgeni atakayemvisha shada. Kwa Ndeshi, nafasi hiyo ilikuwa ya marehemu mama yake.

"Mimi ndiye niliyemkokota," akasema Sikuzani.

"Ulimkokota akakae," Dakta akajibu kwa upole. "Kilichomfanya afikiri tena ni programu yangu."

"Basi Dakta, ivishe kitenge ije imvishe shada!"

Mama mdogo hakucheka. "Asubuhi ile mlikuwa na simu, mlikuwa na maktaba. Mbona alikuwa amelala?"

Ndeshi aliwatazama wote watatu. Alitafuta moyo wake umeelemea kwa nani. Hakuhisi kitu. Alijua tu kwamba hataki kutoka shingo tupu mbele za watu, kama mtoto asiye na kwao.

Msiniambie aigawe kadi. Mlinzi wa lango anaingiza mtu mmoja. Bila Sikuzani, simu ile isingefunguliwa. Bila programu, angekaa maktaba kama mzigo. Bila mama mdogo, chumba cha mtihani asingekiona. Na tena nawauliza: kazi ikifanywa na programu, shukrani apewe aliyeitengeneza?

Lango linafungwa sasa hivi. Watatu wamesimama nje, Ndeshi ameshika kadi.

Je, ungekuwa wewe, ungemwingiza nani?