Nianze, Mwanangu?

Jembe linalopimwa uzito halilimi. Mkulima wa kweli akisikia ngurumo hutwaa jembe lililo karibu, liwe butu au limelegea mpini, akaingia shambani. Lakini yuko anayeshika hili akalirudisha, akashika lile akalikunjia uso, mpaka mvua inapita na ardhi inakauka kama kigae. Huyo ndiye aliyesemwa kwamba mchagua jembe si mkulima.

Katika nyumba moja ya vyumba viwili aliishi mwashi mstaafu, mwanawe wa pekee na mke wa mwanawe, aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Kuta za nyumba hiyo hazikuwa na ufa hata mmoja. Mzee alizijenga mwenyewe kwa mwiko ambao mpini wake ulivunjika siku ya kwanza, akaufunga kwa waya na kuendelea na kazi. Mwanawe alikuwa karani wa ghala, kijana mpole aliyepanga makaratasi mpaka pembe zikutane. Wenzake kazini walimwita Bwana Kamilifu, nusu kwa sifa, nusu kwa kejeli.

Mzee aliugua koo. Daktari hakumung'unya maneno: baada ya wiki tatu angefanyiwa upasuaji. Angepona, lakini hangesema tena.

Siku hiyo, wakirudi nyumbani, mzee alimshika mwanawe mkono. "Mama yako alikufa hujaota jino. Kila uliponiuliza habari zake nilikuambia, siku moja. Basi siku yenyewe imefika. Nitakusimulia yote, na wimbo aliokubembelezea nitauimba. Ila moyo wangu ni mmoja, mwanangu. Nitasema mara moja tu. Jiandae, ukiwa tayari niambie."

Mwana aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. Tangu utotoni alikuwa akiwaonea wivu hata wenzake waliochapwa na mama zao.

Aliazimia kuinasa sauti ya baba yake ili isipotee. Nyumbani palikuwa na kompyuta ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia. Aliifungua mezani kwa bisibisi, akaitia diski mpya na kuiongezea kumbukumbu, ikawa inawaka kufumba na kufumbua. Sasa ilibaki kuiwekea mfumo endeshi, ile programu inayoiongoza kompyuta nzima. Aliutaka mfumo huria, wa ile aina inayotengenezwa na watu wengi na kugawiwa bure, mtu akajisimikia mwenyewe. Kumbe mifumo hiyo ni mingi kama mchanga, na kila mmoja una mashabiki wanaotukanana mtandaoni kutwa kucha.

Alisimika wa kwanza. Mzee akaketi mbele ya maikrofoni, kofia mapajani. "Sema moja, mbili, tatu, Baba. Ni jaribio tu."

"Moja, mbili, tatu," mzee akasema kwa sauti nene ya mtu aliyezoea kuita vibarua juu ya jukwaa la ujenzi.

Mwana akasikiliza, akakunja uso. "Kuna mvumo kwa mbali." Akahifadhi jaribio hilo kwenye flashi ili alilinganishe na mengine, kisha akafuta diski nzima.

Mfumo wa pili haukuwa na mvumo, ila ulikwamakwama. Wa tatu ulikuwa mwepesi, lakini alisoma mahali kwamba mwaka unaofuata watengenezaji wake hawataushughulikia tena. Kila mara mzee aliitwa, akavua kofia, akahesabu mpaka tatu, akarudi kitandani.

Muuza vipuri wa mtaani, aliyemuuzia ile diski, alimcheka waziwazi. "Bwana wee, unatafuta mfumo au mchumba? Yote inanasa sauti! Chukua wowote ukafanye kazi."

"Hii si sauti ya kawaida," mwana akajibu.

"Ndiyo maana nakuambia ukafanye kazi."

Siku moja mezani, mzee akimtazama mkwewe aliyekuwa akijishika tumbo, alianza kuvumisha wimbo taratibu, vidole vikigonga ukingo wa meza. Mkwe akaacha kutafuna. Mwana akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Usianze, Baba! Usiipoteze sauti hivi hivi. Subiri niweke mfumo."

Mzee akanyamaza. Vidole navyo vikanyamaza.

"Mume wangu," mke akasema walipobaki wawili, "simu yangu hii hapa. Tumnase nayo kesho asubuhi."

"Hiyo iliyopasuka kioo? Mama yangu atoke kama yumo ndani ya debe?"

"Debe lenye mama si afadhali kuliko debe la dhahabu lisilo na kitu?"

Mwana akaigeukia kompyuta yake. Katika siku zile mke alimwendea mzee mara mbili akimsihi aseme mbele ya simu. Mzee alitabasamu tu. "Mwenye mama ni yeye, binti yangu. Akiwa tayari nitasema."

Hatimaye ikafika siku ya kuamkia upasuaji. Mchana huo mfumo wa sita ulifanya kazi bila kasoro. Mzee, ambaye sauti yake ilikuwa imechakaa kama kitambaa cha kupangusia, alihesabu mpaka tatu na ikasikika safi. Mke alivuta kigoda akaketi. Ndipo mwana akaona tangazo kwenye kioo cha kompyuta: mfumo mwingine, uliosifiwa kuliko yote, ulikuwa umetoka siku ile ile.

"Saa moja tu, Baba."

Mfumo wa saba haukuitambua maikrofoni kabisa. Alihangaika mpaka jua likazama. Alipogeuka, mzee alikuwa amesinzia kitini, kofia mapajani.

Asubuhi, gari likiwa mlangoni, mwana alianguka magotini na kumnyooshea simu ya mkewe, ile ile yenye ufa. "Sema sasa, Baba. Tafadhali."

Mzee alifungua kinywa. Ulitoka upepo tu, mkavu kama majani yanayofagiliwa. Akajaribu tena, akakohoa, akatikisa kichwa. "Niliiweka akiba," alinong'ona, nao wakalazimika kusoma midomo yake, "kwa ajili ya jana." Kisha akampapasa mwanawe kichwani, kama anayempoza mtoto aliyejikwaa.

Mzee alipona, ila hakusema tena. Kalamu hakuijua maishani mwake. Tangu mjukuu azaliwe, mzee humpakata na kugonga ukingo wa kitanda kwa vidole, mapigo yale yale, na mtoto hulala. Mama wa mtoto huyapokea mapigo hayo kwa kiganja chake ili yasipotee. Lakini mapigo bila wimbo ni msingi bila nyumba.

Na mwana? Mezani ipo kompyuta nzuri isiyo na la kufanya. Kwenye flashi zimo sauti sita, kila moja dhaifu kuliko iliyotangulia, zote zikihesabu mpaka tatu. Huzisikiliza kwa mpangilio mpaka afike ile ya mwisho, ambayo hawezi kuivumilia wala kuifuta.

"Moja, mbili, tatu. Nianze, mwanangu?"

Na sauti yake mwenyewe, safi, bila mvumo wowote, humjibu mzee: "Bado, Baba."

Hakika, mchagua jembe si mkulima.