Vitufe Visivyojitaja

Akina mama, sogeeni. Na ninyi wawili wa nyuma malizeni umbea wenu, maana huu wangu ni mtamu zaidi, na mwisho wake unachoma.

Mama mmoja asiyeona alikuwa mpokea simu wa hospitali. Ukipiga kumwulizia mgonjwa wako, yeye ndiye aliyekuambia yuko wodi gani. Miaka kumi na miwili! Kompyuta yake, ya hizi za mfumo wa Linux zisizodai leseni ya kulipia, ilimsomea sikioni kila alichogusa: "Wodi ya wazazi. Maabara." Kwa kazi hiyo alimsomesha mwanawe mpaka akawa mtengeneza programu. Na alivyojivuna naye! Mtaa mzima ulichoka.

Hospitali ikamwomba kijana atengeneze programu mpya ya mapokezi ya simu. Sasa, fundi wa programu haanzi mikono mitupu. Anachagua sanduku la vifaa vilivyokwisha kuchongwa, vitufe na madirisha ya kwenye skrini. Mbele yake kulikuwa na masanduku mawili. Moja la zamani, linachosha, ila vitufe vyake hujitaja kwa kompyuta inayosoma. La pili linamdekeza fundi: kazi ya mwezi unaimaliza kwa wiki. Vitufe vyake vinang'aa, lakini ni picha tupu.

Mwenzake akamwambia, "Kaka, hilo jepesi halisemi. Na bi mkubwa je?"

"Sehemu ya kusema nitaiongeza baadaye, bwana. Hilo lingine linanitesa!"

Mnaijua hiyo baadaye? Si ndiyo tunayolala nayo na kuamka nayo?

Siku ya uzinduzi akaja mganga mkuu, wakaja wauguzi, ikaja na keki. Mama akakaa kwenye kiti chake, akavaa hedifoni. Akagusa. Kimya. Akashuka mstari wa pili, wa tatu. Kimya. Simu ikalia: mwanamume anamtafuta mkewe aliyeletwa asubuhi. Kwa mara ya kwanza mama hakuwa na la kumjibu. Muuguzi akachungulia juu ya bega lake, akajibu yeye.

"Mama, unaionaje?" kijana akauliza, uso umejaa meno.

Mama akasikia jinsi chumba kilivyotulia kumngoja. Akisema kweli, mwanawe ataaibika mbele ya waliompa kazi. Akinyamaza, kiti kile si chake tena.

"Nzuri, baba," akasema. "Nzuri sana. Ila mimi nimechoka. Nataka kupumzika."

Wakapiga makofi, wakakata keki.

Jumapili kijana akasimama kanisani kutoa ushuhuda: "Namshukuru Mungu, nimempumzisha mama yangu!" Vigelegele! Na mama akiwa palepale kwenye benchi, vidole vyake vikishuka juu ya mkoba, mstari kwa mstari, vikitafuta wodi.

Mnaguna? Msimgunie huyo kijana. Hakuwa na roho mbaya. Alichagua kilicho chepesi kwake, basi. Sisi je? Tulipohamishia ibada yetu ghorofani kwa sababu kuna upepo na viti vya kuegemea, si tulisema ngazi tutazitafutia dawa baadaye? Yule mwenzetu wa magongo, aliyekuwa akituanzishia nyimbo, yuko wapi leo? Nimewauliza mlangoni, mkanijibu kwa sauti moja: "Ameamua kupumzika."

Nani kati yetu alimwuliza kama alikuwa amechoka?