Kura Arobaini za Fisi

Zamani za kale, lakini si kale sana, maana wanyama walikwisha kuwa na simu, mvua iligoma miaka miwili na kisima cha nyika kikabaki tope. Ikabidi kichimbwe kingine. Swala na wenzake walitaka kichimbwe uwandani, ambako mnywaji humwona adui kutoka mbali. Fisi alitaka kichimbwe kando ya pango lake. Kila alipofikiria kitoweo kinachojileta mlangoni kwa miguu yake chenyewe, alidondokwa na mate.

Mfalme Simba aliona kukaa kikao na digidigi ni kujishusha. "Jadilianeni humo kundini, kwenye mtandao," alinguruma. "Siku hizi ndiko iliko demokrasia. Wengi watakalosema, nimepitisha."

Siku hiyohiyo Fisi alifungua akaunti arobaini: Swala Mpenda Maendeleo, Digidigi Mzalendo, Mama Pundamilia na wengineo, kila mmoja na picha ya kuiba. Swala wa kweli alipoandika, "Jamani, kwa Fisi tutaliwa," wote arobaini walimrukia.

"Umetumwa na nani wewe?"

"Mpinga maendeleo!"

"Mimi ni swala mwenzako, na Fisi hajawahi kunila hata siku moja!"

Hilo la mwisho Fisi alilisoma mara tatu. Lilimgusa moyo, akaanza kuamini kwamba kweli anapendwa.

Kura zikahesabiwa: Fisi arobaini na moja, Swala kumi na tisa. Swala alilia kwa uchungu, akiwatazama wanawe wawili wenye midomo mikavu. Simba yeye alituna kifua. "Kumbe nina raia wengi hivi!"

Ndipo Sungura akaandika: "Hongera, Bwana Fisi. Kama ilivyo ada yetu, waliopiga kura ya ushindi ndio washika majembe. Kesho asubuhi tunawangoja."

Fisi hakuikumbuka ada hiyo, kwa kuwa tangu azaliwe hakuwahi kukanyaga msaragambo wala kazi yoyote ya pamoja.

Asubuhi alifika peke yake. Simba alikuwa ameketi, manyoya ya shingo kayachana, tayari kuwapokea raia wake wapya.

"Wenzako wako wapi?"

"Wana homa, Mtukufu."

"Wote arobaini? Maskini!" alisema Sungura, akaandika kundini: "Mfalme anawapelekea wagonjwa nyama. Anayetaka fungu aitikie sasa hivi."

Fisi alijua ni mtego. Alijua kabisa. Lakini mafungu arobaini! Aligeuka kando, akainamia simu, makucha yakacheza. "Mimi!" aliandika Mama Pundamilia. "Na mimi!" aliandika Digidigi Mzalendo. Alipofika wa kumi na saba, alihisi pumzi ya moto kisogoni. Simba alikuwa anasoma pamoja naye.

"Mshenzi wewe!" Simba alinguruma, na kilichomuuma hasa hakikuwa uongo. "Umenipunguzia raia arobaini! Kura zao nimezifuta, Swala ameshinda. Lakini zamu zao za jembe ziko palepale. Nenda uwandani ukazichimbe zote."

Fisi alichimba siku nyingi, mpaka maji yakamfika magotini. Watoto wa Swala walikunywa wakashiba.

"Jamani, nitoeni humu!" Fisi alilia kutoka chini.

"Subira, Bwana Fisi," Sungura alimjibu, akichungulia ukingoni. "Tumelipeleka kundini, linajadiliwa."

Mchimba kisima huingia mwenyewe.