Jinsi Pua Alivyopoteza Shamba Lake

Dama, hebu iweke hiyo picha katikati wenzako waione. Na wewe Katana, kupukuchua mahindi pukuchua, lakini usinitupie magunzi miguuni. Haya. Huu ndio ubongo wa mtu, na mwalimu wenu amewachorea mipaka juu ya gamba lake, kama wapimaji wanavyochora mashamba. Hapa ni kwa Mkono, mnaona palivyo papana. Hapa ni kwa Ulimi na midomo. Huku nyuma kote kwa Jicho. Pua je? Pua kasukumwa kule chini kwenye kona, kijisehemu unachoweza kukifunika kwa kidole. Dama kaniuliza kwa nini, na nyinyi mkacheka. Chekeni tu. Mimi jambo hili halinichekeshi.

Zamani hizo watu walikuwa hawajazoea kusimama kwa miguu miwili. Ardhi ya kichwani ilikuwa ndogo, tambarare, haina hata kunjo moja, na karibu yote ilikuwa ya Pua. Ndiye aliyetangulia kufika, akafyeka, akalima, na wenzake walipokuja nyuma aliwapa pembeni wakakaa. Basi mama alimjua mwanawe kwa harufu hata akiwa ng'ambo ya bonde. Mtu akipita njiani, njia yenyewe ilibaki inasema: fulani kapita hapa, ana homa, kabeba asali. Hakuna aliyepotea. Hata neno la kupotea halikuwepo, maana wangelitumia wapi?

Muumba alikuwa amewaambia jambo moja tu. Ardhi ya kichwani ni yenu, alisema, gawaneni mnavyotaka, lakini mkimhamisha mtu hatarudi alipotoka. Na desturi ya ardhi siku hizo ilikuwa kwamba shamba likilala bila kulimwa, atakayelifyeka ni lake.

Sasa palikuwa na mwanamke akiitwa Mbodze. Mjanja huyo, mikono yake haikujua kutulia. Alipoanza kusimama wima, pua yake ikawa mbali na ardhi, na macho yake yakawa yanaona mbali kuliko ya mtu yeyote. Siku moja Mkono akamjia. "Mama, nimejifunza kusuka vikapu, nimejifunza kuwasha moto. Nikipata nafasi nitakufanyia makubwa. Lile shamba la Pua mbona limelala tu?" Mbodze akatazama, akaona kweli, Pua siku hizi halimi sana. Hakumuuliza Pua mwenyewe. Akampa Mkono.

Jicho aliposikia naye akaja. Alitaka mahali pa kutenganisha tunda bivu na bichi, na uso wa rafiki na wa adui. Akapewa. Kisha Ulimi, na Ulimi mnamjua, akianza kuomba utampa ili akuondokee tu. Ardhi ikaisha na bado wanataka. Fuvu nalo halipanuki ovyo, maana mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi atazaliwaje? Basi Mbodze akaanza kuikunja ile ardhi, kunjo juu ya kunjo, kama unavyokunja mkeka mpana uenee kwenye kikapu kidogo. Ndiyo hiyo mikunjo mnayoiona kwenye picha. Panya hana. Kichwani mwa panya ardhi ingali tambarare, na Pua bado ana shamba lake.

Pua hakugombana. Alihama na vitu vyake, akaenda kukaa chini kabisa, jirani na nyumba ya mzee Kumbukumbu. Alisema neno moja tu: "Mama, umeniachia kiwanja cha kuanikia nguo." Mbodze akacheka, akarudi kwenye vikapu vyake.

Alikuwa na binti mmoja, Kadzo, ndio kwanza ameanza kukimbia bila kuanguka. Asubuhi moja ya ukungu Mbodze alikaa nje akisuka kikapu ambacho hakuwahi kusuka mfano wake. Mkono amezama, Jicho amezama, na yeye amezama pamoja nao. Alipoinua kichwa mtoto hayupo.

Aliita. Jicho alitazama akaona weupe mtupu. Mkono alipapasa akagusa majani mabichi. Ulimi aliita Kadzo, Kadzo, mpaka sauti ikakauka. Ndipo Mbodze akapiga magoti, akaweka uso chini kama bibi zake walivyokuwa wakifanya, akavuta pumzi. "Pua, baba yangu, mwanangu kapita wapi?"

Pua akalia. "Mama, Kadzo namjua. Ananukia maziwa, na jasho la shingoni, na moshi wa jikoni kwako. Lakini nyayo za watu nilikuwa nikizitunza kule juu, kwenye shamba ulilompa Mkono. Ni nani, naweza kukwambia. Ameenda wapi, siwezi."

Usinikatize, Dama. Hapana, hakuonekana. Walimtafuta mpaka ukungu ukaondoka, wakamtafuta mpaka nyasi zikakauka, na hakuonekana.

Mbodze akaenda kwa Muumba. Ole wangu, alisema, chukua vikapu, chukua moto, chukua rangi zote za matunda, mrudishie Pua shamba lake. Muumba alimhurumia, lakini lililosemwa lilikuwa limeshasemwa. "Mkono ameshajenga pale, Mbodze. Nikimng'oa utabaki huna mkono na pua pia huna." Mama wa watu akaomba: basi hicho kiwanja kilichobaki kisiguswe tena, na kati ya Pua na mzee Kumbukumbu kusiwe na mlango wa kuwazuia. Hilo alikubaliwa.

Na tangu siku hiyo binadamu ana mikono inayojua kila kitu, lakini mtu wake akipotea msituni humtafuta kwa mbwa. Jicho akileta habari husimama kwenye lango la katikati ya kichwa, apige hodi, aulizwe ni nani ndipo apite. Sikio hivyo hivyo, na Mkono pia. Pua peke yake hapiti langoni. Unakwenda zako sokoni, harufu inapita, machozi yanakutoka kabla hujajua unamlilia nani.

Sasa hamcheki tena. Basi sikilizeni na hili, maana mmeniuliza mara nyingi nami nikawafukuza. Ile leso ya mama yenu, iliyo sandukuni tangu tulipomzika, sijaifua, na asije mtu akaifua. Atakayemtamani mama yake aje kwangu, nitamfungulia sanduku. Lakini msije kila siku, wajukuu zangu. Kila nikiifungua, harufu inapungua.