Mifuko Mitatu ya Kobalti

"Jiwe hungoja, pumzi haingoji." Mmewasikia wachimbaji wakisema hivyo, nanyi mwaniuliza nani aliyeanza. Siku iliposemwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshika kamba ya shimo, kwa hiyo nitawaeleza jinsi methali hii ilivyozaliwa.

Kapend alikuwa mchimbaji hodari wa kobalti, madini yanayotiwa katika betri za magari ya umeme. Mkewe, Ngoie, aliyemzalia mtoto wao Yav, alisimamia mashine ya kupeleka hewa shimoni. Msimu ule alikuja mnunuzi aitwaye Mwepu. Alikiahidi chama chetu cha ushirika mkataba wa mwaka mzima, mradi lori lake lijae kabla ya saa kumi. Hakuna nyumba ambayo haikuliombea lori lile.

Siku ya kujaza lori, saa tisa alasiri, mashine ilikohoa, ikazimika, ikakataa kuwaka tena. Ngoie akatikisa kamba mara tatu, ishara ya kupanda. Watu wanne walipanda. Kapend hakupanda, alituma neno kwa hao wanne kwamba amebakiza mifuko mitatu tu.

Mwepu alisogea kwenye mdomo wa shimo. "Imebaki mifuko mingapi?"

Ngoie alikuwa akijifunga kamba kiunoni. Alimtazama. "Uliza kwanza wamebaki watu wangapi."

Mwepu alivua koti, akashika kamba pamoja nasi, tukamteremsha Ngoie. Alimkuta mumewe ameketi kando ya mfuko, koleo mkononi, akiongea kama mlevi. Akamfunga kamba, tukamvuta yeye kwanza, kisha mkewe.

Kapend alilala chini muda mrefu kabla ya kufumbua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa kuulizia ile mifuko. Ngoie alimfuta uso kwa kitenge chake, wala hakumgombeza.

"Jiwe hungoja, baba Yav," alimwambia. "Pumzi haingoji."

Lori liliondoka pungufu, nasi tukadhani mkataba umekwenda nalo. Wiki iliyofuata Mwepu alirudi na mashine ya pili ya hewa, na mkataba usiotaja saa ya kujaza lori. Ndani yake aliandika kwamba hatapokea jiwe lililotolewa katika shimo lisilo na hewa.

Kapend alichimba miaka mingi tena. Kamba ikitikiswa, yeye ndiye aliyetangulia kuacha koleo, hata akiwa amefikia mwamba mzuri. Wageni walipomshangaa kwa kuacha mali mbele ya macho yake, aliwajibu taratibu, huku akipanda: jiwe hungoja, pumzi haingoji.