Siku Moja ya Mikono ya Bi Zuwena

Kaeni vizuri, na mwenye haraka aondoke sasa hivi, kwa maana kisa hiki kikifika mwisho mimi nitanyamaza, na kazi itakuwa yenu.

Katika mji wa Tanga palikuwa na wanawake wanne. Watatu walikuwa ndugu wa tumbo moja, na kila mmoja alijaliwa lake. Tausi, mkubwa, alijaliwa kumbukumbu. Neno likishaingia sikioni mwake halikutoka tena. Angeweza kukwambia ulichomjibu mwaka juzi, siku gani, na ulikuwa umevaa nini. Hidaya, wa kati, alijaliwa ulimi. Hakuwahi kupaza sauti, lakini watu walimjia wamefura na wakaondoka wakimwomba radhi. Mwanamvua, mdogo wao, alijaliwa subira, nayo si subira ya kuinamisha kichwa. Ni ile ya jiwe la mlangoni. Akikaa mahali kungoja jambo, jambo ndilo lililochoka, si yeye.

Wa nne, Siwema, alikuwa wifi yao, mke wa kaka yao Kibwana. Yeye naye alikuwa na lake, ila hakuna aliyeliita kipawa. Kibwana aliugua miaka miwili, akafa, na siku ya mazishi ganzi ilimwingia mkewe kama inavyokuingia mguuni ukiukalia vibaya. Ya mguuni hutoka. Hii haikutoka. Alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, akala alichopewa, akaitikia kila salamu. Siku moja aliinua sufuria ya uji unaochemka jikoni kwa mikono mitupu, na aliyepiga ukelele alikuwa Mwanamvua.

Eda ilipokwisha, mawifi walikaa wakashauriana.

"Tumpeleke akasingwe, asuguliwe kwa liwa na manukato," alisema Tausi. "Mwili ukiamka, moyo utaufuata."

Mjini palikuwa na spa ya wanawake peke yao, ikiitwa Nyumba ya Utulivu. Mwenye nyumba, Bi Zuwena, alikuwa amesinga mabibi harusi wa mji ule tangu ujana wake, na jina lake lilitosha kuwa tangazo. Mawifi walichanga, wakalipia watu wanne siku nzima, wakamchukua Siwema Jumamosi asubuhi. Alivaa baibui alilopewa akaenda. Wangempeleka sokoni, angekwenda vilevile.

Siku ile ilikuwa mbovu tangu mlangoni. Bi Zuwena hakuwepo. Chumba cha mvuke kilikuwa baridi kama msikiti alfajiri. Mashine imeharibika, wakaambiwa, fundi anakuja. Tausi alikandwa mgongo kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili wa mhudumu ulishika simu. Singo waliyoahidiwa, ya liwa na karafuu, ilitoka kwenye kopo la plastiki na ilinuka sabuni ya vyombo. Chakula cha mchana kilikuwa andazi moja moja na chai iliyopoa.

Siwema alipelekwa chumba cha ndani peke yake. Mhudumu alimzungushia mataulo mabichi mwili mzima, mikono ndani, akampaka usoni na shingoni udongo wa kijivu, akasema, "Nakuja sasa hivi, dada." Akatoka.

Siwema akalala akitazama dari. Dari ilikuwa na doa la maji lenye umbo la sikio. Mataulo yalikuwa ya vuguvugu, kisha yakawa baridi. Udongo ulikauka, ukamvuta ngozi, ukaanza kupasuka. Alisikia watu wakipita nje ya pazia, alimsikia Hidaya akicheka kidogo na mtu, alisikia adhana ya adhuhuri. Aliyajua yote hayo kama mtu anavyojua habari za mji wa mbali. Hakuita.

Mwanamvua ndiye aliyevuta pazia. "Yarabi! Wifi! Tangu asubuhi uko hivi?"

"Nadhani."

Walipombandua ule udongo shingo ilibaki nyekundu, na mahali pawili ngozi ilitoka nao. Hidaya alimuuliza:

"Kwa nini hukuita, wifi yangu?"

Siwema alifikiri kwa uaminifu. "Sikujua kama natakiwa kuita," alisema.

Hapo ndipo safari ya kudai ilipoanza.

Walikwenda mapokezi. Meneja, dada mmoja aitwaye Jeska, alionyesha kibao ukutani: malipo yakishafanyika hayarudishwi. Akaongeza kwamba mtu wao hakuachwa hata robo saa, na kama aliachwa ni kwa sababu alilala, na mteja akilala haamshwi.

Tausi alisogea mbele. Hakuwa na kalamu wala karatasi. "Saa nne na nusu mhudumu wako mwenye hereni za kijani ametoka chumba cha ndani, amesema 'nakuja sasa hivi, dada.' Saa tano na dakika tano amekuuliza hapa hapa ulipo kama kuna maziwa ya chai. Ulimjibu yamekwisha. Saa sita kasoro kumi ameingia chumba cha mkono wa kulia na mteja mwenye hina mbichi. Hakurudi cha ndani. Sisi tumemkuta wifi yetu saa saba kasoro robo. Na kijikaratasi ulichonipa wiki iliyopita nilipokuja kulipa, nyuma, mstari wa mwisho, kimeandikwa kwamba mteja asiyepata alichoahidiwa atafidiwa na mwenye nyumba. Unacho hapo mezani. Kigeuze."

Jeska alikigeuza. Mwenye hereni za kijani aliinamisha uso.

"Sawa," alisema Jeska taratibu. "Siwezi kukataa. Lakini mimi nimeajiriwa tu. Fidia ni ya mwenyewe, na mwenyewe yuko Pangani, hapokei simu. Njooni siku nyingine."

Sote tunaijua siku nyingine. Haina jina wala tarehe. Kweli ilikuwa imethibitishwa, na mikono ilikuwa mitupu.

Hapo ikafika zamu ya Mwanamvua. Alivuta benchi karibu na mlango, akatoa ukili wake wa mkeka mkobani, akaanza kusuka. Alisuka mpaka walipofunga. Jumapili palikuwa pamefungwa. Jumatatu walipofungua walimkuta barazani. Hakumtukana mtu, hakuziba njia. Mteja akiingia na kumuuliza, "Hapa pakoje, dada?" alijibu, "Namngoja mwenyewe," basi. Lakini ni wangapi wataingia kwa amani mahali penye mtu anayemngoja mwenyewe? Jumanne wateja wawili waligeuzia mlangoni. Jeska alimletea chai, akaikataa kwa adabu. Alimletea vitisho, akavisikiliza mpaka mwisho na kuendelea kusuka. Jumatano saa tano gari lilisimama, Bi Zuwena akashuka. Jeska alikuwa amempigia simu mara tisa.

Alishuka na hasira zake zote. "Ni wewe unayenifukuzia wateja? Nitaita polisi sasa hivi!"

Mwanamvua aliwaita dada zake kwa simu, na Siwema akaja nao kwa sababu walikuja. Sasa subira ilikuwa imemleta mtu, lakini mtu mwenyewe alikuwa moto. Angeguswa vibaya kidogo tu, wangefukuzwa na kweli yao.

Hidaya alimwamkia. "Shikamoo, mama. Pole na safari."

Bi Zuwena aliitikia bila kupenda, kwa kuwa shikamoo haiachwi ikaanguka.

"Mama, mikono hii imesinga mabibi harusi wangapi?"

"Hawahesabiki."

"Kuna hata mmoja uliyemwacha kitandani katikati ya singo, ukaenda zako?"

Bi Zuwena aliitazama mikono yake.

"Sisi hatukuja kukuvunjia jina," alisema Hidaya. "Jina lako ndilo lililotuleta. Tulikuwa na mtu wetu ametoka eda, tukasema hakuna pengine pa kumpeleka. Na sisi tutarudi nyumbani tuseme nini? Kwamba tulikosea kukuamini? Mama, tufundishe la kusema."

Mama yule alikaa kwenye benchi, pale pale kando ya ukili. Kisha akasema, "Niletee huyo mtu nimwone."

Siwema akasogea. Bi Zuwena alimfunua shingo, akaangalia madoa mawili yaliyoanza kukauka.

"Ulikuwa umelala?"

"Hapana."

"Uko macho saa mbili na zaidi, huiti?"

"Ndiyo."

Bi Zuwena alimshika mkono, akambonyeza katikati ya kiganja, kisha chini ya dole gumba, kwa nguvu. "Unasikia?"

"Nasikia unabonyeza."

Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa lote. Chini ya dole gumba, mahali padogo kama punje ya mtama, paliuma. Siwema alishangaa kwa mbali, kama mtu aliyeona taa imewashwa katika nyumba aliyodhani imehamwa. Hakumwambia mtu.

"Sikilizeni," alisema Bi Zuwena. "Wasichana wangu kupoza mvuke na kuleta andazi, hayo ningeyalipa kwa pole. Na huyu angeita dakika ya tano wangemwosha, na leo nisingekuwa na kesi. Ukimya wake ndio ulionishika. Lakini fedha sina. Zenu na za wengine nimempa fundi wa mashine, na Jumapili nasafiri kwenda Maskati kwa binti yangu, sijui kurudi kwangu. Ninayo Jumamosi. Nitamchukua mtu mmoja, asubuhi mpaka magharibi, singo ya kweli, kwa mikono yangu mwenyewe. Mtu mmoja tu. Mikono imezeeka, haigawanyiki. Niandikieni jina, nilipate kabla ya sala ya Ijumaa."

Akawapa karatasi yenye muhuri wa nyumba, na nafasi tupu ya jina.

Walirudi nyumbani kwa Siwema wakiwa na furaha, na furaha hiyo ilifika mpaka sebuleni.

"Ni yake wifi, hakuna mjadala," alisema Tausi.

"Mimi msinihesabu," alisema Siwema. "Nitalala pale kama nilivyolala. Mpeni mwenye kufaidi."

Kisha Tausi, kwa mzaha, akasema kwamba basi mwenye kufaidi ni yeye, maana bila kumbukumbu yake Jeska angewafukuza siku ya kwanza. Mwanamvua akacheka, akasema kumbukumbu hailazimishi gari kutoka Pangani. Aliyekaa siku tatu kwenye benchi ni nani? Hidaya akasema, kwa sauti ile ile laini, kwamba gari lilikuja na polisi mdomoni. Mzaha ukaendelea, lakini vicheko vikawa vinachelewa, mwisho havikuja.

"Bega langu hili halijanyooka tangu mwaka jana," alisema Tausi. "Nilikuwa namgeuza Kibwana kitandani. Usiku mlimgeuza nyinyi, mchana nani?"

"Na mimi magoti," alisema Mwanamvua. "Nani alikuwa akipiga magoti kufua yale mashuka?"

Hidaya hakutaja kiungo chochote. Alisema, "Na sisi tulifiwa."

Hakupaza sauti. "Dada hana eda," alisema. "Siku ya tatu nilirudi dukani kuuza vitenge. Watu walikuja hapa kumpa pole mjane, nami nikawapokea, nikawamiminia kahawa. Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wa mtu. Hakuna aliyeniuliza kama nasikia chochote."

Mwanamvua alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Siwema aliyasikia maneno yale yote, akayaona ni ya haki. Alijipekua ndani atafute huzuni ya kuwapa, hata aibu. Hakupata. Alipata tu kwamba amewatazama hawa wanawake watatu kwa miezi na miezi kama mtu anayetazama nje ya dirisha, na hakuwahi kuwaona wamechoka.

"Tukiendelea hivi tutagombana," alisema Tausi mwishowe, "na nyumba hii haina tena mwanamume wa kutupatanisha. Siwema, aliyeumizwa ni wewe. Andika jina. Utakaloandika hatutaliuliza."

Wakamwekea karatasi na kalamu, wakaenda zao.

Ijumaa asubuhi Siwema alikaa nayo mezani. Akisema aliyetoa ushahidi ndiye mwenye haki, ni kweli. Bila kweli hakuna dai. Lakini kweli ya Tausi ilikuwa imeambiwa irudi siku nyingine, na bila subira ya Mwanamvua ingekuwa inarudi mpaka leo. Na subira ile ilimleta mtu mwenye ghadhabu. Bila ulimi wa Hidaya ingeishia kituoni. Na wote watatu wasingekuwa na cha kudai kama mtu mmoja hangelala kimya na udongo ukimpasukia shingoni. Na kuna ile punje chini ya dole gumba, ambayo huenda mikono ya Bi Zuwena ingeikuza, huenda isiione tena.

Saa nne ilipita. Saa tano ikapita. Msikitini walianza kujaribu kipaza sauti. Siwema alifungua kalamu, akaiweka juu ya ile nafasi tupu, na mkono wake haukusogea.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Yeye hawezi kuchagua kwa moyo, na ninyi mioyo mnayo. Haya, wasikilizaji: siku ni moja, mikono ni miwili, na wanawake ni wanne. Kama kalamu ile ingekuwa kwako wewe, ungeandika jina la nani? Na wale watatu watakaobaki, ungewaambia nini?