Kaharabu Shavuni mwa Glabune

Hapo zamani, kule kaskazini ambako Bahari ya Baltiki ina baridi hata samaki hutamani koti, palikuwa na utemi ambao vitabu vimeusahau, labda kwa wivu. Watawala wake walikuwa watawa wenye panga. Basi siku moja mkuu wao, Ortulf, akachoka kufunga na kusali, akavua joho la utawa, akaoa, akajiita Mtemi. Wafalme wa jirani wakamtaka awapigie magoti. Yeye akampelekea kila mmoja mkufu wa kaharabu, ile johari ya manjano itokayo baharini, nao wakaitazama mikufu wakasahau magoti. Ikawa nchi nzima yasimama juu ya kaharabu, na kwa hiyo sheria yake ikawa kali: "Kila kitu kitakachotupwa ufukweni na bahari ni mali ya Mtemi. Atakayekificha au kukiharibu atanyongwa."

Katika utemi huo aliishi Glabune, maskini wa kutupwa, aliyejiona mwerevu kuliko watu wote, ingawa ushahidi ulikuwa haba. Mkewe Nawte alikuwa akimwambia, "Mume wangu, akili unayo, ila sijapata kuikuta nyumbani."

Siku moja, baada ya dhoruba, watu wakaitwa kama ilivyo desturi waingie majini na nyavu kumwopolea Mtemi kaharabu. Glabune alikuwa amelipaka koti lake lami ili maji yasipenye, akajigamba kwamba leo atafika mbali kuliko wote. Wimbi likamsikia. Likamwinua, likambiringisha, likambwaga mchangani miguu juu mbele ya kijiji kizima, nao wakacheka hata nyavu zikawaponyoka. Lakini alipofumbua kiganja, lo! mlikuwa na kaharabu kubwa kama yai la bata. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaitia shavuni.

Sasa hakimu wa pwani, Wendelin, alikuwa na mazoea ya kumjulia hali kila mtu atokaye majini, na wageni walidhani ni upole.

"Glabune, mkeo hajambo?"

"Mmm."

"Na yule mbuzi wako mgonjwa?"

"Mmm-mmm."

"Ajabu hii," akasema Wendelin. "Mtu huyu hajapata kunyamaza tangu abatizwe. Mfumbueni mdomo!"

Kaharabu ikadondoka mchangani, naye akaburutwa hadi ghala la kaharabu, ambako Mtemi mwenyewe alikuwa akitazama mavuno, na kijiji kikafuata nyuma kama kinaenda harusini. Wendelin akaisoma sheria neno kwa neno, kamba i begani.

"Una neno kabla hatujakunyonga?" akauliza Mtemi.

Glabune akaitazama kamba. Kisha yale maneno "kila kitu" yakamrudia masikioni, akainua kichwa.

"Mtukufu Mtemi, nani aliyenitupa mimi ufukweni leo?"

"Bahari!" wakapiga kelele wanakijiji. "Tena miguu juu!"

"Basi mimi ni mali yako tangu asubuhi. Na johari yako imekutwa ndani ya mali yako. Je, Bwana akikuta pete yake ndani ya kasha lake, hulinyonga kasha?"

"Upuuzi!" akafoka Wendelin. "Mtu si kaharabu!"

"Sheria haikutaja kaharabu, Bwana Hakimu, imesema kila kitu. Lakini kama mna shaka, nipimeni."

Palikuwa na bibi mchambuzi, Dorte, ambaye kazi yake ni kuisugua kila kaharabu kwa sufu, maana iliyo ya kweli huvuta makapi. Mtemi akamwashiria. Dorte akamsugua Glabune mgongoni, akammwagia kikapu cha makapi, na kwa lami ile yakamganda toka shingo hadi visigino, akawa kama kuku.

"Imevuta," akasema Dorte. "Ila ni daraja la mwisho kabisa. Ina mawingu, ina nyufa, na inanuka."

"Sikatai," akasema Glabune. "Hata marehemu mama alisema hivyo hivyo. Lakini atakayeharibu mali ya Mtemi hunyongwa. Bwana Hakimu akinivunja shingo, ni nani atakayemnyonga yeye?"

Wendelin akaiweka kamba chini polepole.

"Vema," akasema Mtemi, hajacheka bado. "U mali yangu. Na kaharabu zangu hukaa kashani, hazili."

"Naam, Mtukufu. Ila mimi nisipokula nitaharibika, na mwenye ufunguo wa kasha ni wewe."

Mtemi akajishika shingo, kisha akaangua kicheko hata akaegemea gunia.

"Karani! Andika: kila kitu, isipokuwa Glabune. Siitaki mali hii!"

"Na kilichokuwamo shavuni mwake, Mtukufu. Tulitupwa pamoja."

"Na kilichokuwamo shavuni mwake! Mpeni johari yake aondoke, kabla hajanidai chakula cha mchana."

Glabune akarudi kwake na makapi yake na johari yake, akasimulia yote, akiongeza hapa na pale. Nawte akamsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo, mume wangu, sheria ya nchi sasa yasema kwamba katika vyote vilivyotupwa na bahari, mwani, mifupa ya samaki na viatu vibovu, asiyetakiwa ni wewe peke yako?"

"Ndiyo, mke wangu," akajibu Glabune, akitunisha kifua. "Na imepigwa muhuri."